Waraka Peke Yake Haubadilishi Hospitali

Kiongozi anayetaka kubadilisha taasisi yake mara nyingi huanza na waraka. Utaratibu mpya hutangazwa, fomu huchapishwa, kisha ripoti husubiriwa. Njia hiyo hushindwa pale ambapo kazi hufanywa na watu wanaotegemeana, na ushahidi wake ulio wazi zaidi unatoka katika vyumba vya upasuaji.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa katika kila upasuaji: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Mengi ni ya kawaida, kama kuthibitisha jina la mgonjwa au kuhesabu gozi na sindano. Lakini lipo moja ambalo mtu wa nje angelipuuza: kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake. Muuguzi ambaye sauti yake imekwisha kusikika huwa mwepesi wa kusema tena anapoona kosa, hata kama anayekosea ni bingwa anayemzidi cheo na umri. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, za London, Seattle na New Delhi zikiwamo, pamoja na moja ya Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo yanayofuata upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Kisha ikaja habari ya Ontario, Kanada. Huko hospitali zilitakiwa kutoa taarifa hadharani kuhusu matumizi ya orodha, na karibu zote zikaripoti kwamba zinaitumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ukapima hospitali 101, miezi mitatu kabla na mitatu baada ya kuanza kuitumia. Vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo isiyothibitisha lolote. Wakosoaji wakasema orodha ilisifiwa kupita kiasi, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa utafiti wa 2009 haukuwa na hospitali za kulinganishia. Hata hivyo, ripoti ya matumizi huhesabu alama kwenye fomu, na fomu inaweza kujazwa na mtu mmoja pembeni huku wenzake hawasemezani. Tena miezi mitatu ni michache mno kwa watu waliozoea kunyamazishana kuanza kusikilizana.

South Carolina, Marekani, walikwenda kwa njia nyingine. Hospitali zilialikwa kwa hiari, na timu zikasaidiwa kwa miaka kadhaa kujenga ushirikiano na kuirekebisha orodha ilingane na kazi yao. Katika hospitali 14 zilizofika mwisho, vifo vilishuka kutoka asilimia 3.38 mwaka 2010 hadi 2.84 mwaka 2013. Hospitali nyingine za jimbo hilo hazikupata nafuu hiyo. Mtu atauliza: je, hizo 14 si zilikuwa na ari tangu mwanzo? Huenda. Lakini ari hiyo ndiyo waraka usiyoweza kuiamrisha, na ndiyo kiongozi anayopaswa kuitafuta kabla ya kuchapisha chochote.

Wapo wanaohofia kwamba timu ikipewa sauti, amri itapotea. Mtafiti Amy Edmondson na wenzake walichunguza hospitali 16 zilizokuwa zikijifunza mbinu mpya ya kupasua moyo. Sifa ya hospitali wala uzoefu wa daktari havikueleza nani alijifunza haraka. Waliofaulu ni wale ambao daktari wao aliwachagua wenzake kwa makini, akawaeleza kwa nini anawahitaji, na akawataka waseme. Uamuzi ulibaki kuwa wake, ila sasa aliamua akiwa na taarifa zaidi.

Wakurugenzi wa hospitali, na wa taasisi yoyote ile: kabla ya kutia saini utaratibu ujao, waiteni watakaoufanyia kazi, waacheni waukosoe na kuurekebisha, na wapeni muda wa kuujaribu pamoja kabla ya kudai ripoti.