Bakteria Wanaoshambulia Kuvu: Utambuzi wa Ugonjwa Hutangulia Dawa

Mkulima wa nyanya anapoona majani yakibabuka, mara nyingi hukimbilia dawa ya ukungu. Hata hivyo, elimu ya viuatilifu vya kibiolojia inaonesha kuwa magonjwa mawili yanayofanana kwa macho huweza kusababishwa na viumbe tofauti kabisa, na kinachoangamiza kimoja kisikidhuru kingine.

Msingi wa tofauti hiyo ni kitini, kitu kigumu kilichotambuliwa katika uyoga mwaka 1811 na mwanasayansi wa Ufaransa, Henri Braconnot. Kitini huimarisha kuta za seli za kuvu, na ndicho kilichomo pia katika magamba ya kaa, kamba na wadudu. Hakimo katika kuta za seli za mimea.

Bakteria wengi wa udongoni, wakiwamo wa makundi ya Streptomyces, Bacillus na Serratia, hutumia kitini kuwa chakula. Kwa kuwa kitini ni mnyororo mrefu wa sukari usioweza kupenya ndani ya seli zao, bakteria hao hutoa nje vimeng'enya viitwavyo kitinasi, ambavyo huukata vipande vidogo. Katika bakteria Serratia marcescens, vimeng'enya hivyo hugawana kazi: kimoja huanzia ncha moja ya mnyororo, kingine ncha ya pili, na kingine hukata katikati.

Kuvu hukua kwa kurefusha ncha za nyuzi zake, ambako ukuta bado ni laini. Ukuta huo ukikatwa, msukumo wa maji yaliyomo ndani huipasua ncha. Sehemu zilizokomaa hukingwa na tabaka la sukari nyingine, glukani; hivyo kitinasi hufanya kazi vizuri zaidi vikisaidiana na vimeng'enya vinavyovunja glukani.

Hapo ndipo utambuzi wa ugonjwa unapokuwa na uzito. Bakajani tangulia, linaloonekana kwa madoa ya kahawia yenye miviringo, hasa kwenye majani ya chini, husababishwa na kuvu halisi wenye kitini. Bakajani chelewa, linaloenea upesi wakati wa baridi na unyevu na kuacha utando mweupe chini ya jani, husababishwa na Phytophthora infestans. Kiumbe huyo hufanana na kuvu, lakini ukuta wake umejengwa hasa kwa selulosi na glukani. Kitinasi peke yake havina cha maana cha kukata hapo, na mkulima anayevitegemea huweza kupoteza shamba zima kwa siku chache.

Aidha, si kila bakteria mwenye vimeng'enya hivyo anafaa kupelekwa shambani. Serratia marcescens huweza kuwaambukiza wagonjwa wenye kinga dhaifu. Bakteria hai pia hudhoofishwa na jua kali na ukame, hivyo namna ya kuwahifadhi na muda wa kuwanyunyizia ni sehemu ya tiba yenyewe.

Nchini Tanzania, usajili wa viuatilifu, vikiwamo vya kibiolojia, husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Wakulima wanashauriwa kumwonesha afisa ugani mmea ulioathirika kabla ya kununua dawa, kuhakikisha bidhaa imesajiliwa, na kusoma katika kibandiko jina la ugonjwa unaokusudiwa.