Kompyuta ya ofisi si shamba la bibi

LORI la machungwa kutoka Muheza likifika Horohoro halina muda wa kupoteza. Kila saa tunda linapokaa juani chini ya turubai, bei yake sokoni Mombasa inazidi kushuka. Dereva anashuka, anachukua karatasi zake na kwenda kwa wakala wa forodha. Kuanzia hapo safari ya mzigo haitegemei tena injini wala matairi, bali kompyuta iliyoko juu ya meza ya karani.

Horohoro, iliyoko wilayani Mkinga, kiasi cha kilomita 65 kutoka mjini Tanga kwa barabara ya lami, inapakana na Lungalunga upande wa Kenya. Vituo hivyo viwili vinatoa huduma kwa pamoja, ili msafiri na mzigo wakaguliwe na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja badala ya kusimamishwa mara mbili. Lengo lake ni kupunguza foleni.

Hata hivyo, foleni iliyopunguzwa na serikali mbili inaweza kurudishwa na ofisi moja isiyo na utaratibu. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kutumia mfumo wa TANCIS mwaka 2014 kupokea nyaraka za forodha kwa njia ya mtandao, ukichukua nafasi ya ASYCUDA++. Wakenya nao walianza na mfumo wa Simba mwaka 2005, kabla ya kuhamia ule wa iCMS. Kwa maneno mengine, wakala wa leo asiye na kompyuta ni sawa na mvuvi asiye na chombo.

Tatizo ni kwamba ofisi nyingi ndogo zinajua bei ya kompyuta zao, lakini hazijui kilichomo ndani yake.

Mfano wa ofisi ya kompyuta tatu

Chukua mfano wa ofisi ya wakala yenye kompyuta tatu. Ya kwanza ni ya karani anayeandaa nyaraka za forodha. Ya pili ni ya mhasibu. Ya tatu ni 'ya kila mtu': hutumika kuchapa barua, kusoma barua pepe na, jioni kazi zikipungua, kuangalia filamu.

Mfumo wa Windows katika kompyuta hizo uliwekwa na fundi aliyekuja na CD yake mfukoni. Programu ya uhasibu ilinakiliwa kutoka ofisi ya jirani. Kinga ya virusi ilikuwa ya majaribio ya siku 30, na siku hizo zilikwisha zamani. Kuna michezo miwili ambayo mtoto wa mwenye ofisi aliiweka wakati wa likizo. Pia ipo programu inayomwezesha fundi kuingia katika kompyuta hizo akiwa nyumbani kwake. Aliiacha humo ili 'kurahisisha kazi', na hakuna aliyemwambia aiondoe.

Siku moja lori linasubiri, karani anawasha mashine na kukuta mafaili yote yamefungwa. Ankara, vyeti vya uasilia na vibali vya afya ya mimea havifunguki. Badala yake kuna maandishi yanayodai fedha. Karani anampigia simu mwenye ofisi.

"Shikamoo mzee. Mashine imegoma, inadai tulipe."

"Marahaba. Nani kaweka nini humo?"

Swali hilo ndilo lililopaswa kuulizwa mwaka mzima kabla ya siku hiyo. Sasa limeulizwa, na hakuna mwenye jibu.

Na huo si ubaya mkubwa kuliko wote. Programu ya wizi ikinasa neno la siri la karani, mtu mwingine anaweza kuwasilisha nyaraka kwa jina la wakala huyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamhesabu wakala anayemwakilisha mwenye mali kuwa ni kama mwenye mzigo, na kumfanya awajibike binafsi kwa kodi yake. Kwa hiyo neno la siri la karani lina thamani sawa na saini ya bosi wake.

Kompyuta moja ya Odessa

Anayedhani kwamba mambo haya ni ya ofisi maskini peke yake na aangalie yaliyoikuta Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark, tarehe 27 Juni, 2017.

Kampuni hiyo ilikuwa na ofisi katika mji wa bandari wa Odessa, nchini Ukraine. Ofisa mmoja wa fedha aliomba awekewe M.E.Doc, programu ya kodi na hesabu iliyokuwa ikitumiwa na wafanyabiashara wengi nchini humo. Iliwekwa katika kompyuta moja tu. Programu yenyewe ilikuwa halali, lakini wahalifu walikuwa wameingia katika seva za watengenezaji wake na kupenyeza virusi kwenye maboresho yaliyotumwa kwa wateja. Virusi hivyo vilikuja kujulikana kwa jina la NotPetya.

Kupitia mlango huo mmoja, mtandao wa Maersk ulianguka dunia nzima. Malori yalipanga foleni nje ya bandari bila kujua makontena yao yako wapi. Mapema mwaka 2018 mwenyekiti wa kampuni hiyo, Jim Hagemann Snabe, alieleza kuwa walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kufikia kati ya dola milioni 250 na milioni 300 za Marekani.

Kilichowaokoa kilitoka Afrika. Nakala za kumbukumbu muhimu za mtandao wao zilikuwa zimefutika kila mahali isipokuwa katika ofisi ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio. Mashine iliyokuwa imezimika haikuambukizwa, na kumbukumbu zake zikasafirishwa hadi Uingereza kuufufua mtandao mzima.

Kisa hicho kina mafunzo mawili kwa ofisi ya Horohoro. Kwanza, programu moja katika kompyuta moja inatosha kuangusha nyumba nzima, hata kama programu hiyo ni ya halali. Pili, nakala ya akiba inayookoa ni ile isiyounganishwa na mtandao wakati balaa linapoingia.

Bila kanuni, hakuna wa kuadhibiwa

Taasisi za umma zinasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Wakala binafsi, muuza pembejeo au chama cha wakulima hawana msimamizi wa namna hiyo. Wao wenyewe ndio wanaopaswa kuandika kanuni zao.

Wapo wanaosema kwamba ofisi ya watu wanne haihitaji kanuni za maandishi, kwa kuwa 'tunaelewana'. Maelewano hayo huisha siku ya hasara. Kanuni za Ajira na Mahusiano Kazini kuhusu Utendaji Bora, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinataka kanuni ambayo mfanyakazi anadaiwa kuivunja iwe ya haki na iliyo wazi, mfanyakazi awe aliifahamu, na iwe inatumika kwa wote bila upendeleo.

Hivyo mwenye ofisi anayemfukuza karani kwa kuweka mchezo katika kompyuta, wakati hakuna maandishi yoyote yanayokataza na mwanawe mwenyewe aliweka miwili, anajitafutia kesi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Aidha, sheria nyingine zinamgusa yeye moja kwa moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, kwa hiyo kunakili programu ya jirani si ujanja bali ni kosa. Na tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Wakala anayekaa na nakala za pasipoti, namba za mlipa kodi na simu za wateja hawezi kusema kwamba sheria hiyo haimhusu.

Kanuni za ukurasa mmoja

Kanuni hizo si lazima ziwe kitabu. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili, uliobandikwa ukutani na kutiwa saini na kila mfanyakazi, unatosha. Mambo haya saba yasikosekane.

Kwanza ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na programu ni mali. Kila kompyuta iwe na ukurasa wake: jina la programu, kazi yake, nani aliiweka, lini, na leseni imehifadhiwa wapi. Programu isiyo na kazi iondolewe.

Pili, mwenye ufunguo ajulikane. Windows inaruhusu kutenganisha akaunti ya msimamizi, anayeweza kuweka programu, na akaunti ya mtumiaji wa kawaida. Wafanyakazi wote, pamoja na bosi, wafanye kazi za kila siku kwa akaunti ya kawaida. Neno la siri la msimamizi liwe kwa mtu mmoja, na nakala yake ifungiwe kwenye sefu. Hatua hii haigharimu hata senti moja.

Tatu, programu itoke kwa mwenyewe. Iliyonunuliwa iwe na risiti, na ya bure ichukuliwe kwa watengenezaji wake. Asiye na fedha ya leseni halazimiki kuiba. LibreOffice inaandika barua na kupiga hesabu bila malipo. Hata programu ya Kiswahili si jambo geni, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa lugha yetu.

Nne, maboresho yasiahirishwe. Virusi vya WannaCry vilivyotikisa hospitali za Uingereza Mei 2017 viliingilia ufa ambao Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa yake Machi mwaka huo huo. Itengwe siku moja kwa wiki, baada ya kazi, ya kuboresha mashine zote. Wenye Windows 10 wakumbuke kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba, 2025.

Tano, kompyuta ya forodha iwe ya forodha tu. Filamu, michezo na flashi za wateja zisiingie humo. Mteja akija na nyaraka kwenye flashi, zifunguliwe na kukaguliwa kwanza kwenye mashine nyingine isiyounganishwa na ile ya forodha.

Sita, nakala ya akiba itolewe kila jioni katika diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kufungiwa kabatini. Ikiachwa imechomekwa, itaangamia pamoja na kompyuta.

Saba, anayeondoka aondoke na funguo zake zifutwe. Karani akiacha kazi, akaunti zake zifungwe siku hiyo hiyo. Fundi akimaliza kazi, programu yake ya kuingilia kutoka mbali iondolewe. Akihitajika tena ataitwa, naye ataingia mwenye ofisi akiona.

Mlango wa kuomba

Ipo hatari moja katika kanuni za namna hii. Zikikataza kila kitu, wafanyakazi watazikwepa kwa siri, na siri ndiyo iliyoleta balaa tangu mwanzo. Karani anayehitaji programu ya kupunguza ukubwa wa faili ili nyaraka zipokelewe mtandaoni haitaji kwa anasa. Anaihitaji ili mzigo upite.

Kwa sababu hiyo, kanuni ziwe na mlango wa kuomba. Mfanyakazi aandike katika daftari anachohitaji na sababu yake, na mwenye ufunguo ajibu kabla ya jua kuzama. Jibu likiwa hapana, aonyeshwe njia nyingine ya kufanya kazi hiyo. Vilevile, aliyekosea na kusema mapema asitendewe sawa na aliyeficha, kwa sababu kompyuta iliyochomolewa kwenye mtandao dakika ya kwanza inaweza kuziokoa zile nyingine mbili.

Ofisi ya kompyuta tatu inaweza kumaliza kazi ya kuandika daftari hilo kwa alasiri moja ya Jumamosi, wakati malori ni machache. Mwenye ofisi akae na wafanyakazi wake, wafungue mashine moja baada ya nyingine na kuuliza kila programu: wewe nani, umeletwa na nani, na unafanya kazi gani hapa?

Mkulima wa Muheza hatajua kama kazi hiyo imefanyika. Hajawahi kuiona ofisi ya wakala, wala hana haja ya kujua TANCIS ni kitu gani. Yeye atakachojua ni kwamba machungwa yake yalifika Mombasa yakiwa bado na maji, na kwamba mnunuzi amepiga simu kuagiza lori lingine.