Kodeki za Video na Suala la Umiliki: Funzo la Wikimedia Commons, 2014

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo kila siku pasipo kuzitambua ni ile ya kodeki. Mtafiti wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani kurekodi ngoma, miviga au utambaji wa ngano hurejea chuoni akiwa na faili za video. Aulizwapo faili hizo ni za aina gani, hujibu kwamba ni MP4, kama ambavyo watangulizi wake wa miaka ya 2000 walivyojibu kwamba ni 3GP au AVI. Jibu hilo halijitoshelezi. MP4, AVI na 3GP ni majina ya chombo, yaani faili inayobeba picha na sauti kwa pamoja. Hayaelezi picha zenyewe zimeandikwa kwa msimbo gani. Chungu si chakula. Faili mbili zenye kitambulisho kimoja mwishoni mwa jina zaweza kuwa na misimbo tofauti kabisa, na ndiyo sababu moja huonekana vizuri katika tarakilishi ilhali nyingine hutoa sauti bila picha.

Makala haya yananuia kufafanua kodeki ni nini, jinsi inavyofanya kazi, na kwa nini mnamo 2014 jumuiya inayohifadhi maarifa huru ilikataa kodeki iliyokuwa imeenea kuliko nyingine zote. Suala hili kwa kawaida huachiwa mafundi wa mitambo. Hata hivyo, linamgusa moja kwa moja yeyote anayehifadhi turathi za lugha.

Istilahi yenyewe

Neno kodeki limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako nalo liliundwa kwa kuunganisha silabi za mwanzo za maneno mawili: jina la kile kinachosimba na jina la kile kinachosimbua. Kiswahili kina malighafi ya kutosha hapa. Tunayo nomino msimbo, na vitenzi simba na simbua vinavyohusiana kwa mnyambuliko ule ule wa kutendua unaohusisha funga na fungua. Kutokana navyo hupatikana kisimbaji na kisimbuzi. (Atakayelalamika kwamba simba ni mnyama ana haki ya kulalamika, lakini homonimu hazikwepeki katika lugha yoyote.)

Umma wa Afrika Mashariki, kwa upande wake, haukuwasubiri wanaleksikografia. Wakati wa kuhama kutoka utangazaji wa analojia hadi wa dijitali, ambapo nchini Kenya mitambo ya analojia ilizimwa mwaka 2015, kisanduku kilichokaa kando ya runinga kiliitwa king'amuzi, kutokana na kitenzi ng'amua. Ni istilahi yenye ufasaha kuliko nyingi zilizobuniwa mezani. Dosari yake ni kwamba inataja nusu tu ya kazi: kisanduku hicho hung'amua kilichosimbwa kwingine, hakisimbi chochote. Aidha, king'amuzi ni kifaa, ilhali kodeki ni utaratibu unaoweza kutekelezwa na kifaa au na programu. Kwa hiyo makala haya yanatumia kodeki kwa jozi nzima ya usimbaji na usimbuaji.

Namna picha zinavyobanwa

Ili kuelewa umuhimu wa kodeki, ni vyema kuanza na hesabu. Video ya ubora wa juu iliyozoeleka ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600 katika kila picha. Kila nukta ikipewa baiti 3 za rangi, na picha 25 zikipita katika kila sekunde, sekunde moja huhitaji takriban baiti milioni 155. Sahani ya kawaida ya DVD, yenye nafasi ya baiti bilioni 4.7, ingejaa katika nusu dakika. Hakuna sherehe ya arusi, iwe Lamu au Kakamega, inayoweza kuhifadhiwa kwa nusu dakika. Pasipo ubanaji, video za dijitali zisingetoka maabarani.

Mbinu za kubana hazimtii ugeni mwanaisimu. Ya kwanza inategemea udhaifu wa jicho, ambalo hutambua tofauti za mwangaza kwa wepesi kuliko tofauti za rangi. Kodeki huhifadhi mwangaza wa kila nukta, lakini rangi huihifadhi mara moja tu kwa kila kundi la nukta nne. Kwa hatua hiyo peke yake, nusu ya data huondoka na mtazamaji wa kawaida hatambui.

Mbinu ya pili ni urejelezi. Katika sentensi "Mzee aliingia, akaketi, akaagiza chai", nomino mzee hutajwa mara moja na viambishi vya nafsi hubeba mzigo uliosalia. Kodeki hufanya vivyo hivyo. Hutoa picha moja kamili, kisha picha zinazofuata huelezwa kwa kurejelea ile iliyotangulia: kipande hiki ni kile kile cha awali, ila kimesogea nukta sita kulia. Ukuta ulio nyuma ya msimulizi haurudiwi kila mara. Husemwa tu kwamba ungalipo. Isitoshe, picha nyingine hurejelea picha ambayo bado haijaonyeshwa, jambo ambalo wanaisimu wataliita katafora bila kusita. Ndiyo maana faili ikiharibika mahali palipo na picha kamili, sekunde kadhaa zinazofuata huvurugika zote: virejeleo vimebaki bila kirejelewa.

Ya tatu ndiyo yenye gharama. Kila kipande kidogo cha picha hupitishwa katika hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao, ambayo hutenganisha umbo la jumla na chembechembe ndogondogo za ndani. Chembechembe zinazodhaniwa hazitakosekana machoni hukadiriwa kwa ujumla au kutupwa. Hapa kodeki hufanana na mtahiniwa anayeandika ufupisho. Ufupisho mzuri hubeba hoja zote, lakini hakuna awezaye kuutumia kuandika upya kifungu asilia neno kwa neno. Vilevile, anayefupisha ufupisho hupoteza tena, na kila mara video inapohaririwa na kusimbwa upya hupoteza kitu kisichorudi.

Hatimaye, alama zilizosalia hupewa misimbo mifupi au mirefu kulingana na wingi wa matumizi, kanuni iliyopata umaarufu kupitia kazi ya David Huffman ya mwaka 1952. Kiswahili chenyewe kimejipanga hivyo: na, ya, wa na kwa ni mafupi, na ndiyo yanayojirudia zaidi.

Nani anamiliki msimbo?

Mwaka 2003 mashirika ya kimataifa ya viwango, ITU kwa upande mmoja na ISO pamoja na IEC kwa upande mwingine, yaliidhinisha kodeki iitwayo H.264. Ilibana vizuri kuliko zilizoitangulia, na ikaenea katika kamera, simu na matangazo ya runinga. Matini ya kiwango hicho ni wazi kwa yeyote kuisoma. Hata hivyo, mbinu nyingi zilizomo zilikuwa na hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, zilizomilikiwa na kampuni nyingi. Leseni za hataza hizo zilikusanywa na kutolewa na kampuni ya Marekani iliyojulikana wakati huo kama MPEG LA. Mtengenezaji aliyesambaza nakala zisizozidi 100,000 kwa mwaka hakutozwa. Zaidi ya hapo alilipa senti 20 za dola kwa kila nakala hadi milioni 5, kisha senti 10, mpaka kikomo kilichowekwa kwa mwaka. Mnamo Agosti 2010 ilitangazwa kwamba video zinazotazamwa bure katika intaneti hazitatozwa kamwe. Watengenezaji wa programu waliendelea kulipa.

Yapo mambo mawili yaliyowatia watu hofu. La kwanza ni historia. Umbizo la picha la GIF, lililoanza kutumika mwaka 1987, lilikuwa limeenea kila mahali ndipo mwishoni mwa 1994 ikafahamika kwamba kampuni ya Unisys, mwenye hataza ya mbinu ya ubanaji iliyomo, ingedai malipo. Waliolizoea walijikuta wadaiwa wa deni wasilolikopa. La pili ni asili ya programu huria. Mwenye kuitoa bure hajui nakala ngapi zitasambazwa, wala leseni aliyoilipia yeye haimfuati anayeichukua programu hiyo na kuigawa upya.

Mvutano huo ulijitokeza katika uandishi wa kiwango cha HTML5. Rasimu ya 2007 ilipendekeza kodeki ya Theora, isiyo na malipo, lakini Nokia na Apple zilipinga, na Desemba mwaka huo pendekezo likaondolewa. Mozilla na Opera nazo zilikataa H.264. Kiwango kilipoidhinishwa Oktoba 2014, hakikutaja kodeki yoyote. Kufikia wakati huo Google ilikuwa imenunua kampuni ya On2, na Mei 2010 ikaitoa kodeki ya VP8 bila malipo. Mozilla nayo, kwa shingo upande, ilikuwa imeanza kuiruhusu H.264 tangu 2012.

Kura ya 2014

Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004, ni ghala la picha, sauti na video zinazotumiwa na Wikipedia za lugha mbalimbali, ikiwemo ya Kiswahili. Tangu mwanzo ilikubali tu maumbizo yasiyofungwa na hataza. Mnamo Januari 2014 wafanyakazi wa wakfu wa Wikimedia waliwauliza wachangiaji iwapo ifaa kupokea faili za MP4 zilizosimbwa kwa H.264.

Hoja za waliounga mkono zilikuwa nzito. Simu na kamera nyingi hurekodi kwa H.264, na anayelazimika kugeuza faili kabla ya kuichangia mara nyingi hukata tamaa. Video katika ghala hilo zilikuwa chache mno zikilinganishwa na picha. Fauka ya hayo, baadhi ya simu hazikuweza kuonyesha kodeki huru hata kidogo. Waliopinga walijibu kwamba maarifa hayawezi kuitwa huru ikiwa anayetaka kuyatumia upya huhitaji kibali cha mtu wa tatu, na kwamba leseni ya wakfu isingemkinga mtumiaji wa mwisho. Walio wengi walipinga, na wakfu ukakubali uamuzi wao.

Je, walifanya sawa? Gharama ya msimamo wao haikugawanywa kwa usawa. Mwenye tarakilishi yenye nguvu na intaneti isiyokatika hugeuza faili akinywa chai. Anayerekodi kwa simu huko Vanga au Lodwar, akinunua data kwa kiasi anachomudu, ndiye aliyefungiwa mlango, na ndiye ambaye maarifa yake yanakosekana zaidi katika ghala hilo. Hoja hii haikupewa uzito ilioustahiki.

Pamoja na hayo, yaliyofuata yaliwapa wapinzani nguvu. Kodeki iliyorithi H.264, iitwayo HEVC, iliidhinishwa mwaka 2013, na kufikia 2017 hataza zake zilikuwa zikidaiwa na makundi matatu tofauti, kila kundi na masharti yake. Mkanganyiko huo ulichangia kuziunganisha Google, Mozilla, Microsoft, Netflix, Amazon, Intel na Cisco mnamo Septemba 2015 kuunda muungano uliotoa kodeki huru ya AV1 mwaka 2018. Hata hiyo haikuachwa kwa amani: mwaka 2019 kampuni ya Sisvel ilitangaza mpango wa kutoza ada kwa hataza ilizodai zimo ndani yake. Muda nao hufanya kazi yake, kwani hataza huisha. Leseni za MP3 zilikoma mwaka 2017, na Commons ikaanza kuipokea mwaka huo huo. Subira, katika jambo hili, si mkakati wa kipuuzi.

Mtafiti na faili yake

Kwa mtafiti wa Kiswahili, swali la umiliki huambatana na la upotevu. Kodeki hutupa kwanza kile inachodhani hakionekani, hasa chembe ndogo zinazokwenda kasi. Ilhali katika utendaji wa fasihi simulizi, vitu hivyo ndivyo data: mtikisiko wa vidole vya mpiga zeze, ukonyezo wa fanani kwa hadhira, mdomo unaotamka kitamkwa ambacho sauti yake imemezwa na ngoma. Faili iliyotumwa kwa simu kutoka mtu hadi mtu mara tatu huenda ikasimbwa upya mara tatu, na anayeinukuu kwa maandishi baadaye hukisia pale alipopaswa kuona.

Maktaba kadhaa za kuhifadhi filamu hutumia FFV1, kodeki isiyotupa chochote, ambayo maelezo yake yalichapishwa rasmi mwaka 2021 na jopo la wahandisi wa intaneti, IETF. Faili zake ni kubwa mno, na idara nyingi za Kiswahili hazina hifadhi ya kuzitosha. Kulazimisha matumizi yake kungekuwa kuwatwisha wanafunzi mzigo usiobebeka. Kwa faili ambayo tayari imetoka kwenye simu, isitoshe, haiwezi kurudisha kilichokwisha kutupwa. Linalowezekana kwa idara yoyote ni kuihifadhi faili kama ilivyotoka kwenye kamera, bila kuigusa, na kutengeneza nakala nyingine ya kusambaza kwa kodeki huru. Kisha, katika fomu ile ile inayojazwa jina la fanani, mahali na tarehe, uongezwe mstari mmoja wa kuandika jina la kodeki.