Nyuzi 40 au 140? Namna ya kuipima pembe bila kuchanganywa na kipimapembe

Mchoree mwanafunzi wa darasa la tano pale Kinyangiri, wilayani Mkalama, pembe nyembamba kama mdomo wa kuku uliofunguka. Mpe kipimapembe. Usishangae akikujibu, "Nyuzi 140." Kuhesabu anajua, ila kasoma safu isiyo yake. Kipimapembe kina safu mbili za namba, moja inaanzia 0 kulia na nyingine kushoto, kwa hiyo kila kialama kina namba mbili ambazo jumla yake ni 180. Penye 40 pana 140 pia.

Dawa yake ni kuita jina kabla ya kupima. Kona ya daftari ni pembe mraba, nyuzi 90. Iliyo ndogo kuliko hiyo ni pembe kali. Iliyozidi lakini haijafika mstari mnyoofu, yaani nyuzi 180, ni pembe butu. Mtoto aliyeshasema "hii ni kali" atakuwa wa kwanza kuikataa 140.

Na kama mkebe ni mmoja darasa zima? Chukua karatasi yoyote, hata iliyochanika ovyo. Ikunje mara moja, kisha ikunje tena ili mkunjo ulale juu ya mkunjo wenyewe. Kona uliyopata ni nyuzi 90 kamili, kwa sababu mkunjo wa kwanza ni mstari mnyoofu wa nyuzi 180 na wewe umeugawa nusu kwa nusu. Kunja tena, una 45. Kipimo hicho kinatosha kabisa kutofautisha kali na butu, na hakina safu mbili za kumchanganya mtu.

Kuna mtego mwingine: watoto wengi huona pembe yenye mikono mirefu ni kubwa zaidi. Fungua mlango kidogo tu. Karibu na bawaba au ukingoni, mlango umegeuka kiasi kilekile. Pembe ni huko kugeuka, urefu haumo.

Mafundi ujenzi wanalijua hili kwa kamba. Wanapima futi 3 upande mmoja wa kona, futi 4 upande wa pili, kisha wanaunganisha ncha hizo mbili. Ikitoka 5, kona ni mraba. Ikizidi, ni butu. Ikipungua, ni kali.

Jaribu na jua pia. Kinyangiri iko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini mwa Ikweta. Tarehe 21 Juni, kama saa saba kasoro robo mchana, simamisha fimbo ya mita 1 wima. Kivuli kitaelekea kusini, zaidi kidogo ya nusu mita. Vuta kamba toka ncha ya fimbo hadi ncha ya kivuli: pembe ya chini, kati ya kamba na ardhi, ni kama nyuzi 62, na ya juu kama 28. Rudia mwishoni mwa Desemba uone kivuli kimegeukia kaskazini, kifupi zaidi, na pembe ya chini imepanda hadi karibu 71.