Waliopita Manyani (Sehemu ya Pili): Mbunge wa Blackburn

Wiki jana tuliiacha kambi ya Manyani, hapa juu ya Voi kwenye njia ya reli ya Nairobi, mwaka 1954. Watu zaidi ya 10,000 walikuwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na homa ya matumbo iliwaua baadhi yao. Leo tumtazame mwanamke aliyezifanya kambi kama hiyo kuwa kero ya serikali kule London.

Barbara Castle, mzaliwa wa Chesterfield mwaka 1910, aliingia Bungeni 1945 kwa tiketi ya chama cha Labour. Aliiwakilisha Blackburn, mji wa viwanda vya nguo, kwa miaka 34. Waingereza wanamkumbuka kwa mambo ya kwao: alipokuwa Waziri wa Uchukuzi alianzisha kipimo cha ulevi kwa madereva, ingawa mwenyewe hakujua kuendesha gari; na baada ya mgomo wa wanawake washonaji wa viti vya magari ya Ford, Dagenham, mwaka 1968, alisimamia sheria ya malipo sawa ya 1970.

Sisi wa huku tuna deni jingine kwake. Silaha yake ilikuwa swali la Bunge. Waziri aliweza kuitupa barua ya mfungwa, lakini swali lililoulizwa ukumbini lilidai jibu, na jibu liliingia kwenye kumbukumbu rasmi. Ndiyo maana wafungwa walijihatarisha kupenyeza barua hadi kwa wabunge wa aina yake na Fenner Brockway.

Novemba 1955 alikuja Kenya mwenyewe kufuatilia kifo cha Kamau Kichina, aliyeteswa hadi kufa mikononi mwa polisi. Mapema 1959 Victor Shuter, aliyewahi kuwa ofisa Manyani, alieleza kwa kiapo vipigo alivyovishuhudia. Kisha, tarehe 3 Machi, wafungwa 11 wakauawa kwa marungu katika kambi ya Hola, na serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji! Castle hakunyamaza. Usiku wa kuamkia Julai 28 alikuwa bado Bungeni akitaka wakubwa wawajibike, si askari jela peke yao.

Uchunguzi huru wa kambi zote, alioudai yeye na wenzake, serikali iliukataa. Castle alifariki mwaka 2002. Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya enzi hiyo pauni milioni 19.9 mwaka 2013, na wengi waliopita Manyani walikuwa wameshazikwa.

Itaendelea.