Simu Ipi, na Laini Ipi? Nasaha kwa Wanafunzi



Ndugu wanafunzi, kila baada ya mavuno ya mpunga huulizwa swali hili: "Ustadhi, ninunue simu gani?" Nasi hujibu kwa kuuliza: unaishi wapi, na simu hiyo ni ya kazi gani?

Mwenzetu mmoja alinunua mjini simu ya bei kubwa, pamoja na laini aliyosifiwa dukani. Alipofika kwao, ufukweni chini ya milima, laini haikushika. Shangazi yake alipofariki, habari ilimfikia siku ya pili, mazishi yamekwisha. Simu ilikuwa nzima. Mtandao ndio haukuwepo.

Kwanza, anza na laini. Mawimbi ya simu husafiri vizuri palipo wazi, kama tambarare ya Kyela, lakini Milima ya Livingstone iliyoinuka kando ya Ziwa Nyasa huyakinga. Mtandao unaosifika Kyela mjini waweza kukosekana Ikombe. Basi, kabla ya kuchagua Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL au Yas (iliyoitwa Tigo hadi 2024), waulize majirani, kisha jaribu laini zao ndani ya nyumba yako, si barabarani tu. Tazama pia kama wakala wa pesa wa mtandao huo yuko karibu. Ukikosea usikate tamaa: tangu Machi 2017 unaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yako ikabaki ileile.

Pili, walio karibu na mpaka wa Kasumulu wajihadhari. Simu yaweza kukamata mnara wa Malawi, na salio likaisha upesi. Ingia kwenye mipangilio, zima roming, na chagua mwenyewe mtandao wa Tanzania.

Tatu, simu yenyewe. Ikiwa ni ya kuongea na kupokea pesa, kitochi kinatosha, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Ikiwa ni ya masomo, tafuta simu janja ya 4G, yenye RAM ya GB 4 na betri ya mAh 5,000. Kabla ya kulipa bonyeza *#06#. Tarakimu 15 zitakazotokea zifanane na zilizo kwenye boksi. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia, na waliokuwa nazo wakabaki na vyuma mikononi. Dai risiti.

Nne, laini ni amana. Usimsajilie mtu laini kwa kitambulisho chako, maana akitapeli, jina litakaloonekana ni lako. Piga *106# ujue laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Aliye chini ya miaka 18 aende na mzazi au mlezi.

Ndugu zetu, tusinunue kwa kuiga. Fedha ya gunia la mpunga imetolewa jasho. Isiishie kwenye simu nzuri isiyopokea habari za nyumbani.

Wabillahi tawfiq.