Kiingilio cha mbio ndefu za baiskeli kiwe malipo yako ya mwisho

Kijana wa miaka 21 aliingia kliniki yangu na fomu mkononi, mama yake akimfuata nyuma. Akaniamkia, nikaitikia, akaniwekea fomu mezani. Ilikuwa ya mbio za baiskeli za masafa marefu zinazofanyika nje ya nchi, na ilihitaji sahihi ya daktari kuthibitisha kwamba mhusika ana afya njema.

Kijana alitaka sahihi tu aondoke. Mama alitaka jibu. "Daktari, naomba umwambie huyu. Hela anayotaka kulipa ningeongezea mtaji wa duka. Kuna faida gani mtu kulipa ili akateseke?"

Mpenzi msomaji, nimebadilisha mambo machache ili familia hii isitambulike, lakini swali la mama nimeliacha kama lilivyo. Ni swali la haki, na huenda na wewe utaulizwa na mwanao, mumeo au mkeo, kwa sababu vijana wetu wengi siku hizi wanaendesha baiskeli kwa bidii na wanaona mbio hizi kwenye simu zao.

Mbio zenyewe zikoje

Hatuzungumzii mzunguko wa Jumapili asubuhi. Mbio ya kuzunguka Rwanda, iliyoanza mwaka 2020, ina takriban kilomita 1,000 kwenye nchi ya milima, ikianzia na kuishia Kigali. Huo ni karibu umbali wa Dar es Salaam hadi Shinyanga. Ulaya kuna Transcontinental, iliyoanza mwaka 2013, ambayo hufika kilomita 4,000 hivi. Marekani kuna Race Across America, iliyoanza mwaka 1982, ya kilomita zipatazo 4,800 kutoka pwani moja hadi nyingine.

Katika nyingi ya mbio hizi saa haisimami. Ukilala, wenzako wanasonga. Na zile zinazoitwa za kujitegemea hazina gari la kukufuata wala mtu wa kukupa maji. Unanunua chakula njiani kama msafiri mwingine yeyote, unaziba pancha yako mwenyewe, unalala unapoweza.

Kiingilio hutofautiana. Mbio nyingi za kujitegemea hutoza mamia ya dola, na zile kubwa za Marekani hutoza maelfu. Dola 300 peke yake ni zaidi ya Sh700,000, na hapo hujahesabu nauli, vipuri, malazi na siku utakazokosa kazini.

Unanunua nini kwa fedha hiyo?

Nilimwambia kijana asome tena masharti, safari hii kwa sauti. Tuliona kwamba kiingilio kinalipia njia iliyochorwa na kukaguliwa, kifaa kidogo kinachoonyesha mahali ulipo, vituo vichache vya kuhakikiwa, na chakula cha siku ya mwisho. Hakikulipia daktari wala gari la wagonjwa. Bima ya matibabu ilikuwa juu yake mwenyewe.

Hilo si udanganyifu, maana limeandikwa. Ila wazazi wengi hudhani kwamba palipo na kiingilio pana na muuguzi. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: nikianguka usiku nani ataniona, nani atanifuata, na nani atalipa hospitali. Kama jibu la yote matatu ni "wewe mwenyewe", basi gharama halisi si ile iliyoandikwa kwenye fomu.

Jambo la pili ambalo kiingilio hakinunui ni afya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, siku tano, amefikisha dakika 300 bila kulipa mtu. Huko ndiko kuliko na faida ya kushusha shinikizo la damu, kusaidia sukari na kupunguza unene. Kuendesha siku nne mfululizo bila usingizi hakuongezi faida hiyo mara kumi. Tena, watu wanaofanya mazoezi mazito ya masafa marefu kwa miaka mingi, hasa wanaume, wameonekana kupata zaidi tatizo la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Kwa hiyo, mama, kama anakwenda kutafuta afya, hela hiyo iende dukani. Lakini watu hawaendi huko kwa ajili ya afya tu. Wanakwenda kujipima. Mwaka 2019 Fiona Kolbinger, mtafiti wa saratani kutoka Ujerumani mwenye miaka 24, alishinda Transcontinental mbele ya wanaume wote, kwa siku 10, saa 2 na dakika 48. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Siwezi kumwambia mtu kwamba jambo kama hilo halina thamani. Kazi yangu ni kumwambia mwili utadai nini.

Mwili unavyodai

Nianze na wangu. Miaka michache iliyopita nililipia mbio ya siku mbili. Nilimaliza, nikapiga picha, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Jumatatu sikuweza kufunga vifungo vya koti langu la kazini. Kidole cha mwisho na cha pembeni yake vilikuwa na ganzi mikono yote miwili, na kalamu ikawa inaniponyoka. Mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja ulikuwa umebanwa na usukani kwa saa nyingi. Ilichukua wiki tatu kurudi sawa, na wiki hizo sikushika sindano ya kushonea mgonjwa. Mimi ni daktari, nilijua hatari hiyo, na bado niliendelea kwa sababu nilikuwa nimelipa.

Hapo ndipo kiingilio kinapokuwa hatari. Fedha uliyokwisha kuitoa hukusukuma kuendelea mwili unapokwambia simama.

Siti nayo hudai chake. Vidonda vya makalioni na kwenye msamba ndivyo huwatoa wengi mbioni. Ganzi sehemu za siri, kwa mwanamume au mwanamke, ni onyo la kubadili siti au namna ya kukaa, si jambo la kuvumilia kwa aibu. Shingo inaweza kuchoka hadi ishindwe kunyanyua kichwa. Hali hiyo imepewa jina la Michael Shermer, aliyepatwa nayo kwenye mbio ya kuvuka Marekani mwaka 1983.

Maji yana mitihani miwili. Kukosa maji tunakujua. Lakini kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi hushusha chumvi kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa, na wenzako wanaweza kukuongezea maji wakidhani wanakusaidia. Kunywa kwa kiu, na ule vyenye chumvi. Aliyechanganyikiwa au kupata degedege ni wa kukimbizwa hospitali.

Dawa za maumivu ndizo zinazonitisha zaidi, maana zinauzwa kila duka. Diklofenaki na ibuprofeni kwa mtu aliyepungukiwa maji huweza kuumiza figo. Misuli iliyofanya kazi kupita uwezo wake huvunjika na kumwaga sumu kwenye damu, na figo ndiyo hubeba mzigo. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, mbio imekwisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri hadi kesho.

Halafu kuna usingizi. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 hufanya mambo kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hakuna mzazi atakayemruhusu mwanawe aendeshe baiskeli barabara kuu usiku akiwa amelewa. Mwaka 2017 Mike Hall, mwanzilishi wa Transcontinental, aligongwa na gari kabla ya mapambazuko karibu na Canberra, Australia, akiwa mbioni, akafariki. Na Mkenya Suleiman Kangangi, tuliyempenda wengi Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio huko Vermont, Marekani. Ile haikuwa hata mbio ya siku nyingi. Magari na mwendo kasi havingoji uchoke.

Nani asilipe kabla ya kumwona daktari

Kama una shinikizo la damu, hasa unatumia dawa za kukojoza, njoo tupange dozi. Kama una kisukari na unachoma insulini, sukari inaweza kushuka barabarani au usiku baada ya safari, hivyo dozi yako haiwezi kubaki ileile. Mgonjwa wa selimundu, mbio hizi si zake. Mwenye kubeba vinasaba vya selimundu bila kuugua anaweza kufanya mazoezi, lakini apande taratibu, anywe maji ya kutosha, na asijilazimishe kwenye joto na milima.

Ukiwa na homa, iwe malaria au mafua mazito, usipande baiskeli hata kama mbio ni kesho. Homa nyingine hugusa moyo. Na dada zangu, hedhi ikikatika kwa sababu ya mazoezi, mwili unasema chakula hakitoshi, na mifupa ndiyo italipa baadaye.

Kwa wazazi wenye watoto: wanaosoma shule wanahitaji wastani wa dakika 60 za kucheza na kukimbia kila siku, na baiskeli ni mchezo mzuri sana kwao. Mbio za kukesha barabarani si za umri huo. Fedha uliyonayo mnunulie kofia ngumu inayomkaa vizuri, taa na breki nzima.

Swali lililobadilisha mazungumzo

Turudi kwa kijana. Fomu ilikuwa na swali: Je, kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50? Alikuwa ameweka alama ya "hapana". Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba wako." Mdogo wake alianguka uwanjani akicheza mpira akiwa na miaka 34, hakuamka tena. Nyumbani walisema ni mkono wa mtu, na mazungumzo yakaishia hapo. Kijana alikuwa mdogo, hakuwahi kuelezwa.

Sikutia sahihi. Kifo cha ghafla cha kijana kinaweza kutokana na ugonjwa wa misuli ya moyo au wa umeme wa moyo, na baadhi ya magonjwa hayo hurithiwa. Nilimwagiza afanye kipimo cha umeme wa moyo na eko. Nikamwomba na mama afanye, kwa kuwa marehemu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Vipimo vya wote wawili vilitoka vizuri, na nimewataka warudi kupima tena baadaye, kwa sababu baadhi ya magonjwa haya huchelewa kujionyesha.

Aliporudi kwa sahihi nilimuuliza umbali mrefu zaidi aliowahi kwenda kwa siku moja. Akasema Dar es Salaam hadi Bagamoyo na kurudi, kama kilomita 130. Moyo ulikuwa mzima, lakini mwili haujui bado kilomita 1,000 ni nini.

Nikamweleza utaratibu wa Wafaransa. Anayetaka safari ya Paris-Brest-Paris, kilomita 1,200 ndani ya saa 90, lazima kwanza amalize kilomita 200, kisha 300, 400 na 600. Ni ngazi, na mtu yeyote anaweza kuipanda kwao bila kusubiri mbio. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Nenda mchana, na mwenzako, ukiwa na taa na nguo inayong'aa. Ukifika, utajua kiti kinakuuma wapi, mikono inakufa ganzi saa ngapi, na tumbo lako linapokea chakula gani. Elimu hiyo ingekugharimu kiingilio kizima ungeipata mbioni.

Kijana hakufurahi. Mama alifurahi kupita kiasi, nikamwambia naye asubiri, kwa sababu sikusema mwanawe asiende kamwe. Nilisema kiingilio kiwe malipo ya mwisho. Kwanza vipimo, kisha kofia, taa na breki, kisha bima, kisha ile ngazi. Kikibaki kitu, na hamu ikibaki, hapo alipe. Na siku anayolipa ajiambie kwamba fedha hiyo imekwenda, haimdai kumaliza.

Mwezi uliopita alinitumia ujumbe kutoka Morogoro. Alikuwa amechukua saa 11, ana ganzi kidole kimoja, na anarudi kwa basi. Nikamjibu ainue usukani kidogo na abadilishe mkao wa mikono kila baada ya dakika chache. Mama yake naye akanipigia, hakuuliza habari ya hela. Aliuliza kama watoto wa marehemu kaka mdogo, wawili, wanapaswa kupimwa moyo. Nikamwambia ndiyo, awalete wiki hii.